Pikapu Juu ya Mawe

Kajetani Haule wa Mjimwema alikuwa fundi wa breki, na alipenda atajwe hivyo hivyo, fundi wa breki, siyo fundi magari. Injini ikizimika, alikuwa akisema, dereva anashuka, anasukuma, anatukana, anafika. Breki zikigoma hakuna cha kushuka wala kusukuma. Kazi yake aliiona kubwa kuliko ya wenzake, na wenzake walijua kwamba anaiona hivyo, wakampachika jina la Monsinyori, kama padre mwenye cheo. Hakukasirika. Ukimwita hivyo alikuwa anaitika.

Miaka kumi na tisa alivaa ovaroli ya karakana ya ushirika pale Songea, akishughulikia malori ya mahindi na tumbaku. Ilikuwa miaka ya uhaba. Mipira ya breki alikuwa anaichonga mwenyewe kwa wembe kutoka kwenye tairi kuukuu, na mafuta ya breki yalikuja kwa kibali, yakifika yamefika, yasipofika basi. Hata hivyo malori yale yalisimama pale dereva alipotaka yasimame. Lori lililotoka mkononi mwa Kajetani halikurudi kwa breki. Labda mara moja, na mara hiyo yeye alikuwa amelazwa kwa malaria, kazi ilifanywa na mwingine.

Mwaka tisini na tatu ushirika ukawapunguza kazini, yeye na wenzake. Malori yakabaki uani mwa karakana, majani yakaota mpaka yakatokeza kwenye taa. Kajetani akachukua kiinua mgongo chake akanunua jeki, jiliwa la kubania vyuma, na mabati ya kuezekea kibanda nyuma ya nyumba yake. Wakati huo huo maduka ya Majengo yakajaa vipuri ndani ya maboksi ya rangi rangi, vitu ambavyo zamani mtu angevipigia magoti, na kila wiki gari jingine lililokwisha tumika huko Ujapani likaingia mjini kutoka Dar es Salaam. Kajetani alifurahi kama watu wote. Ila alipolala chini ya magari yale aliona vitu ambavyo hakuwahi kuviona, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, naye hakumwuliza mtu.

Basi mwezi wa kumi na moja mwaka tisini na nne, siku ya Jumanne, ikaletwa pikapu ya Mama Oliva.

Mama Oliva alikuwa akikaa Ruhuwiko na kufanya biashara ya maharage. Ile pikapu, ya Kijapani, nyeupe, ya zamani kidogo, ndiyo iliyokuwa mguu na mkono wake. Dereva wake aliitwa Swalehe, kijana mrefu kutoka Tunduru, mwenye maneno.

"Shikamoo Monsinyori," alisema Swalehe akizima gari.

"Marahaba. Nani kakupa jina hilo?"

"Mji mzima. Mpaka Tunduru limefika."

"Kwa hiyo na sifa zangu zimefika. Gari lina nini?"

Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanavuja mafuta ya breki. Kajetani akayafungua, akakuta mipira ya zile pampu ndogo zilizo ndani ya gurudumu imechakaa. Akamtuma Swalehe Majengo, ikaja mipira mipya, akaifunga kabla ya saa saba. Kilichobaki kilikuwa kutoa upepo. Ukishafungua mabomba ya breki, upepo huingia, na upepo ukikaa ndani ya mafuta pedali huwa laini kama godoro; unakanyaga, inazama, gari halina habari. Kwa hiyo kila gurudumu lina nipeli, kijichuma kidogo chenye tundu. Mmoja anakanyaga pedali na kushikilia, mwingine analegeza nipeli kwa spana, upepo unatoka pamoja na mafuta, nipeli inafungwa, pedali inaachiwa. Mnarudia mpaka yatoke mafuta matupu, bila upepo.

Kazi hiyo Kajetani aliifanya jinsi karakana ilivyomfundisha: gari likiwa juu ya mawe, magurudumu yakining'inia. Uwanja wa karakana ile ulikuwa na mteremko, na zamani lori lililokuwa limekanyaga chini liliserereka likamvunja mtu paja. Tangu siku hiyo fundi mkuu wao, Mzee Beda, hakutaka kuona mtu amelala chini ya gari lililokanyaga ardhi. Ukifanya hivyo unafukuzwa uwanjani mbele ya wenzako. Kajetani alikuwa amefuata amri hiyo mpaka ikawa kama kunawa mikono kabla ya kula.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, mzee."

"Achia."

Mbele hapakuwa na shida. Povu lilitoka, kisha mafuta mazito, masafi, yakiruka ndani ya chupa ya soda. Nyuma yalitoka matone. Tone moja, likikaa likifikiri, kisha la pili. Kajetani aliyatazama, akayaona hayana povu, akasema moyoni kwamba basi upepo umekwisha. Akashusha gari.

Swalehe akaliwasha, akatoka barabarani, akateremka kidogo kuelekea bondeni. Kajetani akiwa amesimama mlangoni aliona taa za breki zikiwaka, gari likiendelea. Zikawaka tena, likiendelea. Mara ya tatu likageuza pua na kuingia kwenye ua wa michongoma wa jirani.

Swalehe akatoka akijichomoa miiba mkononi. "Monsinyori," alisema, "breki zako ni za kuomba mara tatu."

Watu walicheka. Kajetani hakucheka.

Jumatano alianza upya. Akasema kosa litakuwa kwenye pampu kubwa, ile iliyo mbele ya dereva. Akaifungua, akabadili mipira yake, akaifunga. Akatoa upepo tena, mbele mafuta yakaruka, nyuma matone. Akasema basi bomba limeziba. Akalifungua ncha zote mbili, akalipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, na huko nyuma Swalehe akaweka shavu.

"Unasikia?"

"Nasikia upepo. Una harufu ya vitunguu."

Bomba halijaziba. Mipira mipya, pampu nzima, mafuta yamejaa, bomba wazi. Kajetani akakaa juu ya tairi la akiba akiwa ameshika spana namba kumi, akilitazama gari. Njia ipo, na anayesukuma yupo, na kitu cha kusukumwa kipo. Sasa kinagoma wapi? Alikuwa amezoea gari bovu ambalo ubovu wake unauona. Hili halikuwa na ubovu wowote, na halikusimama.

Mchana huo ilikuwa zamu ya jumuiya yao kusali nyumbani kwake. Walikuja akina mama na wazee wachache, wakaketi kwenye mikeka, naye mwenye nyumba akapewa fungu la tatu la rozari aliongoze. Alianza vizuri. Baada ya muda mke wake, Kunegunda, akaanza kumtazama, kisha watu wengine wakatazamana. Kajetani alikuwa amefika Salamu Maria ya kumi na tatu, badala ya kuishia kumi, na bado anaendelea.

"Baba Dorine," Kunegunda alimnong'oneza, "zimekwisha."

"Zimekwisha? Mbona hazitoki?" alisema Kajetani, kwa sauti.

Jioni Mama Oliva akaja mwenyewe, khanga begani, akalizunguka gari lake mara moja bila kuligusa.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo, mama. Linaendelea."

"Linaendelea wapi? Nalikuta pale pale." Akakaa juu ya kigoda alichopewa. "Nikueleze, usije ukasema sikukueleza. Jumamosi alfajiri nakwenda Mbinga, maharage yananingoja huko. Ile milima unaijua. Ijumaa jioni gari likiwa halijapona, nakuja na trekta, tunalifunga kamba, tunalivuta mpaka Majengo kwa Remmy."

Remmy alikuwa kijana aliyefungua gereji mpya Majengo, yenye ubao uliopakwa rangi na mashine ya upepo inayounguruma. Kajetani alikuwa hajamtaja jina hata siku moja. Watu wa jirani walikuwa wameshaegemea ua, wanasikiliza. Hapo ndipo alipoongea neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Mama Oliva, gari hili likitoka uani kwangu kwa kamba, mimi spana naziweka chini. Ufundi basi. Nakwenda kulima na mke wangu."

Kutoka jikoni Kunegunda akasema, "Kwani kulima anakujua?"

Walicheka tena, lakini Mama Oliva alimtazama Kajetani usoni, akaona kwamba amemaanisha. Na Kajetani naye alijua amemaanisha. Fundi wa breki ambaye gari limetoka kwake likivutwa, mbele ya Mjimwema yote, akawaambie nini watu kesho yake?

Alhamisi asubuhi alitembea kwa miguu hadi upande wa Matogoro kumwona Mzee Beda. Mzee alikuwa amestaafu siku nyingi, sasa anasuka viti vya mianzi. Kajetani alichuchumaa mbele yake kama mwanafunzi, akamsimulia mwanzo hadi mwisho. Mzee alisikiliza huku vidole vikifanya kazi.

"Gari umelipandisha?"

"Nimelipandisha, mzee. Lingewezaje kukaa chini?"

"Umelipandisha kiasi gani?"

Kajetani akaonyesha kwa mkono, kama goti.

"Ndiyo hiyo," alisema Mzee Beda. "Upepo unapanda juu, haushuki. Inua mkia wake. Inua haswa, mpaka uone aibu kulitazama."

Kajetani alirudi mbio mbio, moyo mwepesi. Akaongeza mawe, akaweka na magogo mawili ya mti wa mlingoti, na pikapu ikasimama pua chini mkia juu kama bata anayetafuta kitu bwawani. Swalehe alipanda kwa shida, akawa amekaa karibu na kusimama.

"Mzee, nikianguka humu utamweleza nini mama yangu?"

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Kajetani alilegeza nipeli ya nyuma kushoto. Hakikutoka kitu. Alilegeza zaidi. Hakikutoka kitu. Akaichomoa kabisa akaitazama kwa jua, tundu lilikuwa safi. Akairudisha. Jana ilitoa matone. Leo, upepo umeinuliwa uende zake kama alivyosema Mzee Beda, halitoki hata tone. Kadiri anavyolinyanyua ndivyo linavyofumba mdomo. Alienda kulia, kukawa vile vile. Alifanya kazi hiyo mpaka jua likapita kichwani, na Swalehe akaomba ruhusa ya kwenda kula, na Kajetani hakumsikia, na Swalehe akaenda.

Kunegunda alimletea ugali na mboga ya maboga. Alimega tonge, akalibonyeza, likarudi, akalibonyeza tena.

"Unakula au unakanda?" aliuliza Kunegunda.

"Likibonyea linarudi," alisema Kajetani. "Pedali haifanyi hivyo. Pedali ikienda imekwenda."

"Baba Dorine, kula."

Siku hiyo hiyo, saa sita, akina mama wa jumuiya walikuwa wameletewa mbolea ya kupandia, mifuko kumi na minne, na kwa kuwa Kunegunda ndiye mtunzaji wao, ilipangwa uani kwake ingojee wenyewe. Ilipofika saa kumi, wingu jeusi likainuka nyuma ya Matogoro na kuja moja kwa moja. Mvua za kwanza hazina adabu. Nyumba ilikuwa imejaa, jiko dogo, kibanda cha mabati kinavuja. Kunegunda akatazama mbolea, akatazama wingu, akatazama pikapu, iliyokuwa na turubai lake.

"Shusha gari."

"Mama Dorine! Gari la watu."

"Na mbolea ni ya nani, ya kwako? Ikiyeyuka utawaambia nini? Shusha!"

"Nimelipandisha asubuhi yote..."

"Na limekusaidia nini?"

Kajetani akachukua jeki, akaondoa magogo, akaondoa mawe, pikapu ikakanyaga chini. Akina mama watano waliokuwa jirani wakaja wakikimbia, mifuko kumi na minne ikapandishwa, turubai likafungwa, na fundo la mwisho likakazwa mvua ikiwa imeshaanza. Ilinyesha mpaka giza likaingia.

Ijumaa asubuhi ardhi ilikuwa tope tupu na mbolea bado iko juu ya gari. Kajetani akaweka jeki chini ya chesisi, ile fremu ya gari, akajaribu kunyanyua. Jeki ikazama kwenye tope, gari likakaa pale pale. Swalehe alikuwa ameaga, atakuja baada ya swala ya Ijumaa. Trekta la Mama Oliva lilikuwa linakuja jioni. Kajetani akasimama mikono kiunoni. Kukaa bure hakuweza. Kuliinua hakuweza. Akatafuta mawe makubwa manne, akayagongomea mbele na nyuma ya magurudumu, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba mahindi, akafanya ishara ya msalaba, akalala chali chini ya gari lililokanyaga ardhi, kwa mara ya kwanza tangu awe fundi.

"Mama Dorine! Njoo ukanyage."

Kunegunda akaja na mikono ya unga, akaketi kwenye usukani kwa upande kama mtu aliyekaa kanisani.

"Ipi?"

"Ya katikati. Kanyaga, shikilia, usiachie mpaka niseme."

Alilegeza nipeli ya nyuma kushoto. Mafuta yakaruka, yakaipiga chupa ikaanguka, yakampata shavuni. Povu likafuata, jingi, likitokota kama sufuria ya uji. Kajetani akafunga haraka.

"Umefanya nini?" alipiga kelele.

"Nimekanyaga! Si umesema nikanyage?"

"Umekanyaga vipi?"

"Kwa mguu!"

Alibaki amelala akitazama juu, mafuta yakimteremka sikioni. Siku tatu Swalehe anakanyaga, hakuna kitu. Leo mwanamke ametoka kukanda unga, kaweka mguu, breki zimefunguka. Kwa muda Kajetani aliamini kabisa kwamba Swalehe hajui kukanyaga. Kisha akakumbuka kwamba mbele Swalehe alikanyaga vizuri. Kisha akawaza kwamba labda ni mvua. Kisha akaona kwamba anawaza ujinga.

Waliendelea, kushoto, kulia, kushoto tena. Povu lilipungua, mafuta yakatulia. "Ikoje hiyo pedali?" aliuliza.

"Afadhali. Lakini mwishoni ina ulaini."

Bado kuna upepo mahali. Kajetani akalifuata bomba kwa macho, kutoka kwenye magurudumu, kupita juu ya ekseli, mhimili unaounganisha magurudumu ya nyuma, mpaka lilipoingia ndani ya donge la udongo mwekundu lililoganda kwenye chesisi, kubwa kama ngumi mbili. Donge hilo alikuwa ameliona tangu Jumanne. Magari yote ya barabara zetu yana udongo, nani anauhesabu? Lakini usiku maji yalikuwa yametiririka kutoka kwenye turubai hadi chini ya gari, yakalilowesha, upande mmoja ukamomonyoka. Pale palikuwa na kitu kinachong'aa.

Akachukua bisibisi, akalikwangua. Udongo ukaanguka kifuani kwake kwa vipande. Ndani mlikuwa na kifaa cha chuma ambacho hajapata kukiona. Bomba liliingia huku na kutokea kule, na chini yake palikuwa na ufito uliokwenda hadi kwenye ekseli. Pembeni ya kifaa palikuwa na nipeli.

Akahesabu. Mbele mbili. Nyuma mbili. Na hii. Akatoka chini ya gari, akasimama, akahesabu magurudumu, kama vile lingekuwa limeota jingine usiku. Yalikuwa manne.

"Unatafuta nini?" aliuliza Kunegunda.

"Ngoja kwanza."

Akarudi chini. Akautazama ule ufito. Uzito wa mbolea ulikuwa umeisukuma bodi chini, na ufito ulikuwa umepanda, umekisukuma kitu ndani ya kile kifaa. Akafikiri lilivyokuwa juu ya mawe: ekseli ikining'inia, ufito ukivutwa chini kabisa. Na Alhamisi, mkia ulipoinuliwa haswa, zaidi ya hapo. Polepole, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni, alianza kuunganisha. Kifaa hiki kinapima mzigo. Gari likiwa zito kinaachia mafuta yaende nyuma. Likiwa jepesi kinayabana. Na likining'inia hewani, kinaona halina kitu kabisa, kinafunga mlango. Kwa nini mtu aweke kitu kama hicho kwenye gari, hilo hakulielewa. Alielewa nusu, na nusu ile ilimtosha kuona haya akiwa peke yake chini ya gari, udongo umejaa kifuani.

"Kanyaga, Mama Dorine."

Alilegeza nipeli ya tano. Likatoka povu refu, lile lenyewe, lililokaa humo siku zote. Akafunga. Akarudia mara nne.

"Baba Dorine," Kunegunda aliita, sauti yake ikiwa na woga. "Imegoma. Haishuki."

"Haishuki?"

"Ngumu kama jiwe. Nimeiharibu?"

"Usishuke," alisema Kajetani. "Kaa hapo hapo. Kanyaga tena nisikie."

Swalehe alifika saa nane, kofia bado kichwani. Hakuamini, akakanyaga, akatukana kwa furaha, akaomba msamaha kwa sababu ni Ijumaa. Walitoka na mbolea yote nyuma, Kajetani pembeni ya dereva, wakateremka hadi bondeni. Swalehe akakanyaga mara moja, pikapu ikasimama, vichwa vyao vikaenda mbele. Wakaijaribu mara tatu, mara tatu ikasimama.

Swalehe alikuwa anaimba wakati wa kurudi. Kajetani, jambo jipya lilikuwa limemwingia. Ikiwa limesimama kwa sababu ya mbolea? Kesho asubuhi linakwenda Mbinga tupu, linashuka milima tupu, mzigo ni wa kurudi nao. Breki za kusimama likiwa na mzigo tu, hizo ni breki gani?

"Tunashusha mifuko," alisema.

"Yote? Mzee, mimi nimevaa kanzu."

"Vua."

Waliishusha yote kumi na minne, wakaipanga juu ya magogo, wakaifunika. Kajetani akaenda mwenyewe na spana, akakagua nipeli zote tano kwa kidole. Wakateremka tena, gari tupu, likirukaruka. Katikati ya mteremko Kajetani akasema, "Sasa." Swalehe akakanyaga. Lilisimama kwa upole zaidi, mkia haukuyumba, wala magurudumu ya nyuma hayakuburuza kama yanavyoburuza kwenye gari tupu. Hapo Kajetani akaelewa na nusu ya pili: chombo kile kinabana mafuta ya nyuma ili gari tupu lisiteleze.

Walipogeuza kurudi, walimkuta Mama Oliva mlangoni. Trekta lilikuwa limezimwa barabarani, na dereva wake ameshika kamba. Watu wa jirani walikuwa wamekuja tangu zamani. Mama Oliva aliliona gari lake likija lenyewe, likasimama mbele ya miguu yake.

"Limepona?"

"Limepona, mama," alisema Swalehe. "Lijaribu mwenyewe."

"Lilikuwa na nini?"

Kajetani alikuwa na jibu tayari. Boksi tupu la mipira ya dukani lilikuwa mfukoni mwake. Angeweza kulitoa, akasema mipira ya kwanza ilikuwa mibovu, akabadili, basi. Nani angebisha? Kunegunda mwenyewe hakujua kilichotokea. Lakini alimtazama Swalehe, ambaye kesho atakuwa anashuka ile milima, na ambaye siku nyingine, mbali huko, gari likivuja, atamwita fundi yeyote aliye karibu, na fundi huyo atalipandisha juu ya mawe na kuhesabu nipeli nne.

"Halikuwa na kitu," alisema. "Tangu Jumanne jioni ni mimi. Kuna chombo kule nyuma kinachopima mzigo, gari likining'inia kinafunga mafuta. Mimi nililining'iniza. Na kina nipeli yake ya tano, sikuijua. Ilikuwa ndani ya udongo."

Hakuna aliyecheka. Mama Oliva akalitazama gari, kisha akamtazama fundi.

"Kwa hiyo siku zote hizi unalifunga mwenyewe, halafu unalilazimisha lifunguke."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye uliyesema utaweka spana chini."

"Likitoka kwa kamba. Ukitaka kulifunga kamba, gari ni lako. Sitakuzuia."

Alisema hivyo ameshika mlango wa gari. Mama Oliva akazunguka mpaka nyuma, akainama kadiri umri wake ulivyomruhusu, akachungulia.

"Ni kile chenye kung'aa?"

"Ndicho."

"Remmy angekijua?"

"Sijui. Labda. Haya ndiyo magari yake."

Mama Oliva akanyooka, akapangusa mikono. "Mwambie yule aondoe trekta lake," alimwambia Swalehe. Kisha akamgeukia Kajetani. "Kesho alfajiri mimi nakaa mbele kwa dereva. Wewe utakaa wapi?"

"Kwenda Mbinga?"

"Ile milima nishuke peke yangu? Wewe ndiye unayekijua hicho chombo."

"Nitakaa nyuma," alisema Kajetani. "Pale juu yake."

Walipoondoka wote, jua lilikuwa limebaki kidogo. Kajetani akamwuliza mke wake kama ile rangi nyeupe ipo bado, aliyoipaka kwenye misalaba ya makaburi siku ya Marehemu Wote. Ilikuwepo, kidogo tu ndani ya kopo, imeanza kuganda. Akaikoroga na mafuta ya taa, akalala tena chini ya pikapu, ikiwa imekanyaga ardhi, mawe manne yakiwa mahali pake. Akapaka nipeli ya tano nyeupe, akaizungushia duara pana kwenye chesisi, ili yeyote atakayefungua breki za gari lile, awe ni yeye, awe ni Remmy, awe ni mtu wa huko njiani asiyemjua, macho yaangukie hapo kwanza.

"Unachora nini huko?" aliuliza Kunegunda.

"Njoo uone," alisema. Na Kunegunda, kwa kuwa ndiye aliyekanyaga, akafunga khanga vizuri, akapiga magoti kwenye tope, akaingiza kichwa.